Swali la Tano

Methali isemayo mficha uchi hazai huwachekesha watoto wa shule, na hata walimu wengine huipita haraka haraka kama mtu apitaye mlangoni kwa jirani asiyesemezana naye. Hakuna cha kuchekesha. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akikataa kuonwa na mkunga kwa sababu ya haya, haya hiyo haitamzalia mtoto. Ndivyo ilivyo kwa kila aibu. Ukiifunika mbele ya yule awezaye kukusaidia, huifichi, waifuga. Asiyeamini na asikilize habari za Fadhiya binti Zakariya, mzaliwa wa mtaa wa Kuze, Mombasa, aliyeifuga aibu yake mwaka mzima na kuilisha kila siku, hata ikakaribia kumla yeye mwenyewe.

Fadhiya alikuwa na maradhi ya miguu. Hilo ndilo jina mamake alilolipa tabia yake ya kutokaa kitako. Akitumwa ndimu mbili soko la Marikiti, alikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, apate kujua kichochoro kipi hutokea wapi. Alipoingia sekondari alianzisha chama cha matembezi, na kila likizo wasichana wa shule yake walipanda vilima na kulala kwenye mahema, wakarudi wamejaa vumbi na wamejaa maneno. Alipopasi mtihani wa mwisho, na alipasi vizuri, jamaa wote walijua kwamba atasomea famasia kama kaka yake Taib. Fadhiya akawaletea jambo ambalo Kuze haijapata kulisikia. Kulikuwa na chuo huko bara kilichotoa Shahada ya Elimu ya Safari za Nyikani, na mwenye kuisomea hufundishwa kuwaongoza watu milimani, misituni na mitoni, na kuwafundisha kwa safari hizo yale ambayo dawati haliwezi.

"Kusomea kutembea?" jirani mmoja aliuliza barazani. "Kwani nani alizaliwa akamaliza mwaka wa pili hajui kutembea?"

Babake, Maalim Zakariya, hakucheka. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno machache. Alimwita binti yake baada ya sala ya alasiri, akamwambia, "Mamangu, mwaka huu nimekupa mlango mmoja. Ukifunguka, pita. Usipofunguka, Januari utaanza famasia, wala usiniambie kuna dirisha."

Fadhiya alikubali kwa moyo mkunjufu. Alijua kwamba baba wengine wasingempa hata ufa.

Fomu ya maombi aliijaza katika duka la kompyuta la Kamaludin, kijana mpole mwenye ulimi wa upupu. Maswali manne ya kwanza aliyajibu kama mtu anywaye maji. Alipofika la tano vidole vilisimama. Liliuliza hivi: "Eleza safari uliyoiongoza ambayo haikwenda kama ulivyopanga. Wewe ulikosea nini?" Alilitazama kwa muda mrefu. Mwisho akaandika, "Safari zangu zote zilikwenda vizuri, alhamdulillah." Akaituma fomu, akatoka nje upesi.

Siku ya Jumatatu iliyofuata, jibu lilikuja. Lilikuwa fupi. "Ndugu mwombaji, jibu lako la swali la tano halijatutosheleza. Asiyewahi kukosea njia hatuna cha kumfundisha. Tafadhali lijibu upya kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Baada ya hapo fomu yako itawekwa kando."

Kamaludin alisoma juu ya bega lake, kwa sababu hiyo ndiyo adabu yake. "Basi waandikie kosa lolote," alisema. "Makosa ni mengi, hata mimi naweza kukupa machache."

Fadhiya hakuhitaji kupewa. Alikuwa nalo lake, na ili msomaji alielewe hana budi kwanza kumjua Maalim Zakariya vizuri zaidi. Kisiwani kote, msikiti ulipojengwa upya au chumba cha kusalia kilipotengwa, aliyeitwa kuonyesha kibla, upande wa kuelekea katika sala, alikuwa yeye. Alikuja na uzi, timazi na fimbo yake. Mara mbili kwa mwaka, siku ambazo jua la adhuhuri husimama juu ya Makka, aliichomeka ile fimbo ardhini akauhakiki mstari kwa kivuli chake. Nyumbani kwake hapakuwa na kaskazini. Palikuwa na kibla. Kitanda kiligeuzwa kibla, paka alilala upande wa kibla, na mvua ikinyesha, chumba cha kibla ndicho kilichovuja. Fadhiya alipoonyeshwa ramani kwa mara ya kwanza shuleni, aliona mshale ulioandikwa kaskazini, akasema moyoni, aa, kumbe ni kibla. Na Mombasa alikuwa sawa. Hakuna siku hata moja mambo hayo mawili yalipopishana.

Yalikuja kupishana katika msitu wa Kakamega, mwaka mmoja kabla ya fomu hiyo. Chama cha matembezi kilikuwa kimesafiri hadi kule magharibi ya nchi, na Mwalimu Sidi, mlezi wao, alitangulia na gari lililobeba mahema. Fadhiya aliachiwa wasichana saba na maagizo mepesi: "Kutoka hapa ukingoni mwa msitu, shikeni kaskazini kilomita nne. Mtafika mto wenye daraja la mbao. Nitakuwa ng'ambo, nimewasha moto." Alipewa na dira. Wakasali adhuhuri katika msikiti mdogo ulio ukingoni mwa msitu, na aliposimama kwenye safu Fadhiya aliutazama ukuta wa mbele, akauweka mwelekeo wake kichwani. Dira akaitia mkobani. Dira ya nini, na kibla amekiona kwa macho yake? Binti wa Maalim Zakariya!

Alichagua mti mmoja mbele yake, wakaufikia, akachagua mwingine, na mwingine tena, mstari ulionyooka kama uzi wa babake. Mto wakaufikia, lakini daraja hapana. Hapo ndipo alipoitoa dira. Sindano ilielekea kushoto ya pale alipojua yeye kuwa ni kaskazini. Akaitikisa, ikarudi pale pale. Akaipiga kofi.

"Imeharibika," aliwaambia wenzake. "Msijali, najua tulipo."

Hakujua. Aliwapeleka kulia, kwa sababu kiongozi lazima aende mahali, wakaufuata ukingo wa mto kwa saa nne. Mvua ikaja. Areej, rafiki yake tangu madrasa, aliteleza juu ya jiwe akateguka mguu, wakawa wanamkokota kwa zamu. Jua likikaribia kuzama, askari mmoja wa msitu alisikia sauti zao akawaongoza hadi kambini. Daraja lilikuwa nyuma yao, upande wa kushoto wa pale walipoufikia mto, mbali sana. Mwalimu Sidi alikuwa amelia hata macho yamevimba.

Walipoulizwa kilichowachelewesha, Fadhiya alijibu, "Areej aliteguka mguu, na mvua ikatukuta." Kila neno lilikuwa kweli. Mpangilio wake tu ndio uliokuwa uwongo. Habari ilifika Kuze kabla ya wao wenyewe, na kuanzia siku hiyo Areej akaitwa Guu la Kigae, msichana aliyewachelewesha wenzake mvuani kwa kutojua kukanyaga. Areej hakujitetea, na Fadhiya hakumtetea. Walipokutana njiani walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, wakaachana.

Lakini aibu kubwa zaidi haikuwa hiyo. Usiku wa kwanza kambini, Fadhiya alipopata kujua daraja lilikuwa wapi, alielewa kwamba dira ilikuwa nzima. Basi ikiwa dira nzima, kilichoharibika ni nini? Ama msikiti ule umejengwa upande, ama kibla cha babake si sawa, ama yeye Fadhiya ni mtu asiyejua mbele wala nyuma, na mtu kama huyo anataka shahada ya kuongoza watu msituni. Angemuuliza nani? Akimuuliza babake, atakuwa kama amemwambia kazi yake ya miaka thelathini ina walakini. Akanyamaza mwaka mzima. Kila lilipotajwa neno kibla aliinuka akaenda jikoni.

Jumatatu jioni na Jumanne kutwa aliandika majibu akayafuta. Mamake, Bi Hafswa, alimkuta mezani karatasi zimemzunguka.

"Nini, mwanangu?"

"Wanauliza safari iliyoharibika, mama."

"Basi si ile ya Kakamega? Andika mvua. Mvua haina mwenyewe."

"Wanauliza mimi nilikosea nini."

Bi Hafswa alikunja uso. Alikuwa mwanamke mwenye mapenzi mengi na milango mingi. Nyumbani kwake cha ndani kilikuwa cha ndani, na cha nje kilipigwa pasi kwanza. "Watu wa ajabu hao," alisema. "Mtu hupeleka posa akaanza kwa kuhesabu kasoro zake? Jisitiri, mwanangu. Andika mvua."

Fadhiya aliandika mvua. Aliisoma mara tatu na kila mara mvua ikamtazama tu. Aliifuta.

Jumatano alimpelekea mamake chakula cha mchana. Bi Hafswa alikuwa mkunga katika kituo cha afya huko Majengo, na siku hiyo kazi ilikuwa imemzidi hata hakuweza kutoka. Fadhiya alikaa kwenye benchi ukumbini, bakuli la wali na samaki wa kupaka mapajani, akisubiri. Kutoka nyuma ya pazia alisikia msichana akilia kwa sauti ya chini, akisema hataki, ana haya, aitiwe mkunga mwingine asiyepajua kwao. Kisha akasikia sauti ya mamake, si ile ya nyumbani. Hii ilikuwa ya mtu aliyeshika usukani.

"Nakujua, na mamako namjua, na harusi yako nilikula. Lakini leo mimi si jirani yako. Leo mimi ni mkunga. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukinionyesha, nitakusaidia. Ukinifungia, tutakaa hapa sote wawili tukiogopa, na mtoto hatangoja."

Kukawa na maneno ya chini chini, kisha shughuli. Wali ulipoa. Baada ya muda ambao Fadhiya hakuuhesabu, mtoto alilia, kilio kikali cha mtu aliyeudhiwa, na wanawake wote ukumbini wakashusha pumzi kwa pamoja. Bi Hafswa alitoka akijifuta mikono, uso umechoka na umenawiri.

"Wa kike," alisema, akaketi kando ya binti yake. "Kilo tatu na nusu. Nipe hicho chakula."

Fadhiya alimpa. Akamwacha ale matonge mawili. "Mama, ile methali ni ya hapa kazini tu, ama hata nyumbani hutumika?"

Tonge la tatu lilisimama njiani. Bi Hafswa alimtazama mtoto wake kama alivyowatazama wale wanaoingia kituoni wakisema ni tumbo tu. "Wataka kunambia nini?"

Akamwambia yote, msikiti, miti, dira, mto, Areej. Alisema kwa sauti ya chini akiitazama sakafu, na machozi yalimdondoka bila kuyaombea ruhusa. Alipomaliza, Bi Hafswa alilifunika bakuli.

"Kwa hivyo si mvua."

"Mvua ilikuja baadaye."

"Na mimi nikakwambia uandike mvua." Alitikisa kichwa, akawa kama anataka kujicheka ila hana nguvu. "Lahaula. Kutwa nawaambia wana wa watu wafunue, nikirudi nyumbani namwambia wangu afunike. Sikiza, Fadhiya. Mimi nikishika tumbo nitakwambia mtoto amelala vipi. Kibla sikijui. Nenda kwa babako."

"Ataona nimeitilia shaka kazi yake."

"Mwache aone. Nenda, kabla hajaanza darasa la jioni."

Madrasa ilikuwa tupu. Maalim Zakariya alikuwa akipanga juzuu kwenye rafu, na juu ya rafu hiyo lilikaa tufe la dunia lililobonyea upande wa Australia kwa kuangushwa na vizazi vya wanafunzi. Fadhiya hakuketi. Alijua akiketi atatafuta maneno matamu. Alisema yote kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii hakulia, aliogopa tu. Babake alimsikiliza akiwa amempa mgongo, mkono juu ya juzuu ya mwisho.

"Sindano ilielekea kushoto?" aliuliza.

"Kushoto, baba."

"Kiasi gani?"

Fadhiya alinyoosha mkono wake mbele, akaupima upana wa kiganja. "Hivi."

Mabega ya Maalim yakaanza kutikisika. Fadhiya alidhani ni hasira, akarudi nyuma hatua. Maalim alipogeuka, machozi yalikuwa yakimtoka kwa kicheko, na kofia imemwendea upande. "Kiganja kimoja," alisema. "Hicho hicho. Njoo hapa, mamangu."

Alilishusha tufe, akachomoa uzi mfukoni, kwa kuwa hakutembea bila uzi. Ncha moja akaibana kwa kidole juu ya Makka, ya pili juu ya Mombasa. Uzi ukalala sawasawa juu ya mstari uliochorwa kutoka kusini kwenda kaskazini. Kisha akaihamisha ncha ya chini hadi Kakamega. Uzi uliacha mstari, ukainama kuelekea kulia.

"Kibla si kaskazini," alisema Maalim. "Kibla ni Makka. Sisi watu wa Mombasa tumebahatika, Makka imetukalia juu ya utosi. Kwetu hayo mawili ni jambo moja. Ukienda kule magharibi, Makka huwa iko kaskazini, mashariki kidogo. Kiganja kimoja. Kwa kilomita nne, kiganja hicho kimekula karibu kilomita nzima. Msikiti wao haukupinda, na dira yako haikuharibika. Kila mmoja alikwambia kweli yake. Wewe ndiye uliyewauliza wote wawili swali lile lile."

Fadhiya aliketi mkekani bila kujua ameketi. Mzigo wa mwaka mzima ulimtoka mabegani kwa kipande cha uzi. Si mpumbavu, babake hakukosea, msikiti wa watu haukukosea. Alicheka, akalia, akacheka tena, akajipangusa kwa ncha ya mtandio. "Dakika tano," alisema. "Ningelikuuliza, zingelikuwa dakika tano tu."

Maalim hakucheka tena. Alikuwa akiuzungusha uzi kidoleni. "Kaa, nami nikwambie langu. Kabla hujazaliwa nilialikwa harusi Kisumu. Nilikuwa kijana, nimejaa ilimu hadi shingoni. Nilipoingia msikitini kwao nikaona mihrabu imeelekea kulia, si kaskazini barabara. Nikawaambia mbele ya watu kwamba wamesali upande miaka yote hiyo. Nikawachorea mstari wangu kwa chaki. Imamu wao, mzee mpole, hakusema neno. Asubuhi yake aliniita kwake, akanionyesha tufe kama hili. Nikarudi hapa nikasema harusi ilikuwa nzuri, na biriani lilitosha."

"Hukumwambia mtu?"

"Hata mamako. Miaka thelathini. Ningaliwahadithia wanangu siku moja tu, hata kwa mzaha, usingalipotea kule. Mguu wa yule mtoto wa watu usingaliteguka." Kisha akasema neno ambalo Fadhiya hakuwahi kulisikia katika kinywa hicho. "Nilikosea."

Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, wakivua viatu mlangoni kwa kelele. Maalim alilibeba tufe, akaliweka mbele ya darasa. Fadhiya akiwa anatoka alimsikia akianza somo. "Leo nitawahadithia mjinga mmoja aliyekwenda harusini Kisumu. Mjinga mwenyewe mnamjua. Ndiye huyu mbele yenu." Kicheko cha watoto kilimfuata hadi kwenye kona.

Lilibaki jambo moja, na Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Fadhiya hakutaka kukiandikia chuo lile ambalo hajalisema kwa mwenyewe. Asubuhi alikwenda kwa kina Areej, akaambiwa yuko Marikiti akimsaidia shangazi yake. Akamtafuta kati ya wachukuzi na mikokoteni, akapigwa kikumbo mara mbili, hata akamwona amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafunga mafungu ya mchicha. Saa ya sokoni ilikuwa imepita saba.

"Sikuja kununua mchicha," Fadhiya alianza, kisha akaona upumbavu wa maneno hayo. "Areej, ni mimi niliyewapoteza. Si mguu wako. Mguu uliteguka tumeshapotea saa tatu. Nimekuacha ukaitwa jina baya mwaka mzima, na jina hilo lilikuwa langu."

Areej alifunga fungu, akaukata uzi kwa meno. "Najua," alisema. "Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe. Nimekusubiri sana, Fadhiya. Nilifika mahali nikaona afadhali nimsubiri mtu wa kunioa, huenda huyo akatangulia kuja." Kisha uso wake ukalegea kidogo. "Na kuna jingine. Tulipofika mtoni niliona moshi upande wa kushoto. Moto wa Mwalimu Sidi."

Fadhiya alimwinamia. "Uliuona? Ukanyamaza?"

"Ulisema unajua tulipo. Dira ilikuambia hapana, ukaipiga kofi. Mimi je, ningepona?"

Shangazi mtu aliangua kicheko nyuma ya matikiti. Areej naye akacheka, na Fadhiya hakuwa na la kufanya ila kujiunga nao, ingawa macho yalimuuma. Aliomba radhi tena, sawasawa, akimshika mkono. Areej alisema ameshasamehe, lakini wale wasichana sita wengine nao waambiwe, na hiyo habari ya Guu la Kigae aifute yeye mwenyewe, baraza kwa baraza, kama ilivyosambaa. Fadhiya aliahidi. Alitoka sokoni amebeba mafungu matatu ya mchicha ambayo hakuyataka.

Kwa Kamaludin alifika saa tisa kasoro. Aliandika moja kwa moja bila kufuta. Aliandika msikiti, mti baada ya mti, dira aliyoipiga kofi, na moshi ambao hakuonyeshwa kwa kuwa aliona aibu kusema amepotea. Aliandika kwamba alifunika kosa lake kwa mguu wa mwenzake. Aliandika pia juu ya uzi na tufe. La Kisumu hakuliandika, hilo lilikuwa la babake.

Kamaludin alisoma juu ya bega, polepole, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha haraka. "Dada," alisema mwisho, "haya ni maombi ama ni tauba?"

"Vyote viwili," Fadhiya alijibu, akabonyeza. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika ishirini.

Siku kumi na moja zilipita. Alizitumia kuzunguka barazani kama alivyoahidi, na hilo lilikuwa gumu kuliko mlima wowote alioupanda. Watu walicheka, wengine walimkemea, kisha wakachoka wakatafuta la mtu mwingine. Areej akarudishiwa jina lake.

Siku ya kumi na mbili simu ililia adhuhuri. Alikuwa mtu aliyejiita Bwana Benard, msimamizi wa masomo ya safari za nyikani katika kile chuo. Alimsalimia kwa adabu, akamuuliza mguu wa Areej unaendeleaje. Fadhiya alisema umepona kabisa. Kisha akauliza, "Uko tena ukingoni mwa ule mto. Daraja halipo. Unafanya nini kwanza?"

"Nawaketisha wenzangu, nawaambia nimepotea."

"Kabla ya kutoa dira?"

"Kabla, bwana. Macho yalikuwa jozi nane, nikatumia yangu tu."

Kwa upande wa pili palisikika sauti ya karatasi. "Nimewafundisha vijana dira miaka kumi na minne," alisema Bwana Benard. "Hili la kibla sikulijua. Siku ya kwanza nitakuomba uwaeleze wenzako, pamoja na huo uzi. Ile dira uliyoipiga kofi, bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi njoo nayo. Tunafungua tarehe nne Septemba. Barua utaipata leo jioni."

Fadhiya alibaki amesimama, simu mkononi, miguu ile yenye maradhi imekataa kwenda popote. Bi Hafswa alitokea jikoni na mwiko, Maalim akatoka chumba cha kibla na kofia mkononi.

"Wamenipokea," alisema.

Maalim alisema alhamdulillah, akaketi kwenye ngazi kama mtu aliyetua gunia. Bi Hafswa alimvuta binti yake kifuani, mwiko na yote, akamkumbatia hata mchuzi ukawachafua wote wawili. Alipompa nafasi ya kupumua alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua kama wakaguliwavyo watoto wachanga, mzima huyu, hana kasoro.

"Uchungu wako ulikuwa mrefu, mwanangu," alisema. "Mwaka mzima ulijifunika, hukupata kitu. Siku ulipofunua, umejifungua salama. Nami sitaisema tena kule kazini nikaiacha kule: mficha uchi hazai."